Kuchafuana Katika Mchujo: Maswali Ambayo Wafuasi Huuliza Mara kwa Mara

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni Jumanne, 10 Agosti 2027. Kabla ya siku hiyo kutakuwa na mchujo wa vyama, yaani kura ya ndani ya kuteua wagombea wa chama, na kabla ya mchujo kutakuwa na vipeperushi vya usiku, sauti za kutengenezwa na picha za WhatsApp zisizo na mwenyewe. Maswali yafuatayo nimeulizwa tena na tena na wafuasi wa kawaida, wengi wao wa Pwani, tangu mchujo wa Aprili 2022. Nimejibu nikiwafikiria wao, si wawaniaji.

## Mambo ya msingi

Kwa nini matope huwa mengi kwenye mchujo kuliko kwenye uchaguzi wenyewe?

Kwa sababu wanaoshindana wamevaa sare moja. Manifesto ni ile ile, kiongozi wa chama ni yule yule, hata wimbo wa kampeni ni mmoja. Mwaniaji hawezi kusema chama chake kitaleta maji na cha mwenzake hakitaleta. Kinachobaki kubishaniwa ni mtu: nani mchapakazi, nani mwizi, nani mwenyeji, nani wa kuja.

Halafu kuna ngome. Mahali ambapo chama kimeshika kabisa, aliyepata cheti cha uteuzi huanza kuitwa mheshimiwa siku hiyo hiyo, na kura ya Agosti ni ya kukamilisha tu. Vita vyote vya miaka mitano husukumwa kwenye siku moja, tena yenye wapiga kura wachache. Katika wadi, mchujo unaweza kuamuliwa na kura arubaini. Uvumi ukiziondoa nyumba tatu kubwa, kazi imekwisha.

Tangazo la kuchafua ni lipi? Kwani kumkosoa mpinzani ni kosa?

Si kosa, na tafadhali msiache kukosoa. Mchujo usio na maswali magumu ni harusi, si uchaguzi. Ninachopinga ni kitu kingine.

Chukua mfano. Mwaniaji anasema: "Mwenzangu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya basari ya wadi. Kwa miaka miwili orodha ya waliopewa haikubandikwa popote." Hilo ni shambulio, na linauma. Lakini linahusu kazi ya umma, lina jina la aliyelisema, na yeyote anaweza kwenda ofisini kuuliza orodha iko wapi. Aliyeshutumiwa ana kitu cha kujibu.

Sasa chukua hili: "Muulizeni nyumba ya Nyali aliijenga kwa pesa za nani." Nyali ni mtaa wa kitajiri wa Mombasa. Hapo hakuna tuhuma. Hakuna aliyesema ameiba. Kuna swali tu, limetupwa kama mfupa, na kila msikilizaji anajijazia nyama mwenyewe. Mimi naona hii ndiyo aina mbaya kuliko zote, kwa sababu haina jibu. Akinyamaza, amekiri. Akijibu, ameitangaza.

Ukiwa na shaka, jiulize kama jambo lenyewe linahusu kazi anayoomba, kama kuna karatasi au shahidi wa kulithibitisha, na kama anayelileta yuko tayari kulisema mchana, mbele ya huyo anayesemwa, akiwa ametaja jina lake mwenyewe. Likikwama pote patatu, hilo ni tope. Mambo ya kabila la mama, ndoa iliyovunjika na ugonjwa hukwama tangu swali la kwanza.

Lakini si hufanya kazi? Tunaona wachafuzi wanashinda.

Mara nyingine hufanya kazi, na sitawadanganya. Mwaka 2005 Chama Cha Mapinduzi kilipokuwa kikitafuta mgombea urais Tanzania, Dkt. Salim Ahmed Salim, aliyekuwa Waziri Mkuu na kisha Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kwa miaka 12, alizushiwa maneno juu ya asili yake ya Kiarabu na kuhusishwa na Hizbu, chama kilichoondolewa madarakani na Mapinduzi ya Zanzibar. Ilhali ni mwaka huo huo wa mapinduzi, 1964, alipotumwa Cairo kuwa balozi, akiwa na umri wa miaka 22. Kura zilipopigwa Dodoma, Jakaya Kikwete alipata 1,072, Salim 476 na Mark Mwandosya 122. Hakuna awezaye kupima uvumi ule ulimwondolea Salim kura ngapi, wala kudai kwamba bila huo angeshinda. Ila ulisemwa, na mtu wa heshima ile akalazimika kujieleza alizaliwa na nani.

Mara nyingine humrudia mwenyewe. Januari 2004, katika mchujo wa urais wa chama cha Democratic jimboni Iowa nchini Marekani, Howard Dean na Richard Gephardt walitumia siku za mwisho kurushiana matangazo ya televisheni. John Kerry akashinda kwa asilimia 38. John Edwards, aliyejinadi kwa kutowashambulia wenzake, akawa wa pili kwa 32. Dean akaambulia 18, Gephardt 11, na kesho yake Gephardt akajiondoa. Wawili wakipigana mbele ya wengine, wapiga kura wanaochoshwa na ugomvi wana pa kwenda. Mchujo wenye wawaniaji watano au sita, kama ilivyo kwetu mara nyingi, ni hivyo hivyo.

Ni nani hasa hulipia mambo haya?

Mara chache utaona mkono wa mwaniaji. Kuna mtu wa kati, ambaye kazi yake ni kuhakikisha bosi anaweza kusema "sijui lolote." Chini yake kuna vijana wanaopewa bando na posho ya siku, duka la kuchapisha lililo mji mwingine, na mwenye gari la vipaza sauti.

Ya mtandaoni yanaweza kufuatiliwa kidogo. Tangazo la kulipiwa likitokea Facebook au Instagram, ingia kwenye Maktaba ya Matangazo ya Meta, ambayo ni bure, uandike jina la ukurasa. Matangazo ya siasa hutakiwa kuonyesha aliyelipa. TikTok haikubali matangazo ya siasa ya kulipiwa, kwa hiyo huko wanaolipwa ni watu wenyewe wa kutengeneza video. Kuwagundua ni vigumu zaidi.

## Nguvu ya mfuasi

Mimi ni mfuasi tu, sina cheo. Nitazuia nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda, na jibu lake ndilo sababu ya kuandika haya yote. Mwaniaji wako hamsikii mpinzani akilalamika. Kwake, malalamiko ya mpinzani ni dalili kwamba risasi imefika. Haisikii sana tume ya uchaguzi, kwa sababu iko Nairobi. Anakusikia wewe, kwa sababu mpaka siku ya mchujo ni yeye anayekuhitaji.

Na tope haliendi lenyewe. Huyo mtu wa kati analitengeneza mara moja. Sisi ndio tunalibeba mara elfu. Wafuasi kumi wa upande huo huo wakikataa kulibeba, tena wakimwambia mwenye kampeni kwamba wamekataa na kwa nini, limefia mlangoni. Aliye upande wa pili hana uwezo huo hata akilia machozi ya damu.

Nimwambieje mwaniaji wangu bila kuonekana msaliti?

Mwambie mapema, mwambie faraghani, na mwambie kwa hesabu. Usiende na hotuba ya maadili. Ataitikia kwa kichwa na kusahau. Nimeona maneno ya namna hii yakifanya kazi: "Mheshimiwa, huyu unayemchafua ana kura zake. Ukipata cheti, Agosti utazihitaji. Ile karatasi ya jana imemtukana mamake. Watu wa kwao hawatakupigia, na sisi tunaoishi nao hatuwezi kwenda kukuombea."

Nenda na mtu mzima anayemheshimu: shangazi yake, mwalimu wake wa zamani, imamu au mzee wa kanisa. Akikataa, una silaha moja iliyobaki, nayo ni kazi yako. Mwambie huendi kubandika mabango wiki hii mpaka ukurasa ule ufungwe. Mfuasi anayesusa kwa siku tatu huitiwa mazungumzo. Anayetishia kuhamia upande wa pili hufukuzwa. Kaa ndani, ususe.

Picha ya kuchafua imetumwa kwenye kundi letu la WhatsApp. Nifanye nini?

Nieleze lililonipata. Wiki moja kabla ya mchujo wa 2022, nikiwa kwenye kamati ya mwaniaji mmoja wa wadi, iliingia picha ya barua kwenye kundi letu la watu 180. Ilikuwa na nembo ya chama, muhuri wa rangi ya zambarau na maneno kwamba mpinzani wetu amejiondoa na anawaomba watu wake watuunge mkono. Muhuri ulikuwa umekatwa upande wa kushoto, kama umenakiliwa kutoka karatasi nyingine, na tarehe ilikuwa Jumapili. Shangwe zikaanza. Kabla sijamaliza kuisoma ilikuwa imeshasambazwa kwenye kundi la wazazi wa shule na la wavuvi.

Nilinyamaza saa nzima. Nilijua ni ya uongo na nilinyamaza, kwa sababu ilitusaidia. Mama mmoja muuza mahamri ndiye aliyeandika: "Jamani, huyu mtu nimemuona asubuhi hii akipiga kampeni sokoni. Nani ameleta hii?" Sentensi mbili. Aliyeileta hakujibu, ila akaifuta. Tangu hapo sijaacha kuwaambia watu: huhitaji kugombana. Andika unachokijua, uliza imetoka wapi, uombe iondolewe. Ukiweza, mpigie simu aliyeituma kabla ya kuandika, kwa maana mtu akiaibishwa mbele ya watu 180 ataitetea hata kama ameshajua ni uongo.

Jambo moja la kiufundi: usiisambaze tena hata kwa nia ya kuikanusha. Ukilazimika kuonyesha, piga picha ya skrini na uandike UONGO kwa herufi kubwa juu ya picha yenyewe, si pembeni, kwa kuwa maelezo ya pembeni hupotea ikisambazwa.

Na kama anayechafuliwa ni mwaniaji wetu? Tukae kimya?

La. Jibuni mara moja, kwa ufupi, na kwa kumtumia mtu anayeaminika kwa jambo lenyewe. Wakisema hakulipa karo za watoto aliowaahidi, mwalimu mkuu ndiye wa kusema, si msemaji wa kampeni. Anzeni na ukweli, msianze kwa kuurudia uongo. Kisha rudini kwenye maji na barabara.

Msichofaa kufanya ni kulipiza. Nimesikia hoja kwamba "wao ndio walianza." Watu wa nje hawakumbuki nani alianza, wanachokumbuka ni kwamba nyote mlikuwa matopeni.

Wawaniaji wakitia saini mkataba wa kutochafuana, unasaidia?

Ukiwa wa maneno mazuri tu, hausaidii. Unasaidia ukiandika nani atapigiwa simu tope likitokea, kwa saa ngapi litaondolewa, na ukitiwa saini pia na viongozi wa vijana na wenye kusimamia kurasa za mtandao, si wawaniaji peke yao. Usomwe hadharani, sokoni au kwenye baraza la chifu, ili watu waujue.

Mwaniaji mwanamke anachafuliwa tofauti. Tufanyeje?

Kweli ni tofauti. Mwanamume huambiwa ni mwizi; mwanamke huambiwa ni malaya, au huulizwa mumewe yuko wapi. Mwaka 2022 Kenya ilichagua magavana wanawake saba, mmoja wao Fatuma Achani wa Kwale, lakini katika kiwango cha wadi mambo haya bado huwatoa wanawake kwenye mbio kabla hata hawajalipia fomu. Siku hizi kuna na picha za uchi za kutengenezwa kwa kompyuta, ambazo huhitaji tu picha ya uso wake.

Ninaomba wanaume waliomo kwenye makundi ndio wawe wa kwanza kusema hapana. Mwanamke akijitetea peke yake huambiwa ana hasira. Mwanamume wa kampeni pinzani akisema "hii hatuitaki hapa," mambo huisha haraka. Na msimwache ajibu swali la ndoa yake. Jibu ni moja: "Muulizeni na wanaume wote wanane, halafu mrudi."

## Sheria na mahali pa kushtakia

Je, kuchafua jina ni jinai?

Kashfa yenyewe si jinai tena Kenya: Februari 2017 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 194 cha Sheria ya Adhabu kinakiuka katiba. Aliyechafuliwa anaweza kudai fidia kwa kesi ya madai, lakini ni lazima aifungue ndani ya miezi 12. Kesi hizo ni ghali na ni za polepole. Mchujo utakuwa umepita zamani.

Ipo pia sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, iliyotungwa na vifungu vya kuadhibu habari za uongo mtandaoni. Mimi siwashauri wafuasi kuikimbilia. Imebishaniwa mahakamani kwa miaka, na fimbo ya kumfunga mtu kwa maneno ukishamkabidhi polisi huwezi kumchagulia wa kumpiga.

Lini maneno yanageuka kuwa lugha ya chuki?

Yanapomchochea mtu dhidi ya wengine kwa sababu ya kabila, rangi au asili yao. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 kinatoa faini isiyozidi shilingi milioni moja, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Aprili 2022 tume inayosimamia sheria hiyo, NCIC, ilitoa orodha ya maneno ya kuangaliwa. Humo mlikuwa na "madoadoa," yaani watu wa makabila mengine kuitwa doa, na "wabara waende kwao," maneno ambayo sisi wa Pwani tumeyasikia mikutanoni mpaka tumeyazoea.

Hapa usiishie kulifuta kundini. Hifadhi: tarehe, saa, namba iliyotuma, video nzima bila kuikata. Kisha peleka ripoti kwa tume.

Nashtaki wapi kampeni chafu za ndani ya chama?

Anza chamani. Kila chama kinatakiwa kuwa na njia yake ya kutatua mizozo, na Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa litataka kuona ulijaribu huko kwanza. Andika barua, ipigwe muhuri wa kupokelewa, ubaki na nakala. Wengi hukwama kwa sababu walipiga simu tu.

Napokea SMS za kumchafua mwaniaji kutoka namba nisizozijua. Waliipata wapi namba yangu?

Swali zuri, kwa sababu Juni 2021 Wakenya wengi walifungua tovuti ya serikali wakakuta wamesajiliwa kwenye vyama wasivyovijua. Orodha za namba hutembea. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 unaweza kulalamika kwa Kamishna wa Data kwamba taarifa zako zimetumiwa bila idhini. Haijalishi kama maneno yaliyomo ni ya kweli; kosa ni kutumia namba yako.

## Hali ngumu

Kama tuhuma ni ya kweli na ni nzito, nitaificha kwa jina la amani?

Usiifiche. Mwaniaji aliyekula pesa za maji hana haki ya kulindwa na jina la "kampeni safi," na nimewaona wakijificha humo. Tofauti iko kwenye namna. Ipeleke na ushahidi, kama ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, hati ya mahakama au kumbukumbu za bunge la kaunti. Itaje kwa jina lako. Mpe nafasi ya kujibu. Rudia jibu la kwanza kabisa kuhusu ukosoaji ukitaka kipimo.

Chama kikiteua kwa wajumbe au kwa maelewano, si matope yatakwisha?

Hapana. Marekebisho ya 2022 ya Sheria ya Vyama vya Kisiasa yanaruhusu uteuzi kwa kura ya wanachama waliosajiliwa au kwa wajumbe. Wapigaji wakipungua, tope huacha kubandikwa ukutani na kuanza kunong'onwa kwenye vyumba vya hoteli. Ni vigumu zaidi kulisikia, kwa hiyo ni vigumu zaidi kulijibu. Mjumbe akiletewa neno chumbani, amtake mletaji aliseme mbele ya mwenyewe.

Naishi Doha na huchangia kampeni ya ndugu yangu. Najuaje pesa zangu hazinunui matope?

Toa kwa kitu, si kwa jumla: mafuta ya gari, mawakala wa vituo, chai ya mkutano. Omba picha ya risiti. Ukisikia "mambo ya mitandao" bila maelezo, uliza ni kurasa zipi, kisha zitazame mwenyewe.

Niliyemuunga mkono amekosa tiketi kwa sababu ya uvumi. Nimpigie Agosti aliyemchafua?

Hilo ni lako, na sitakuamulia. Ukiamua kumuunga mkono, muone kabla hujampa jibu na umtake akanushe uvumi ule hadharani, kwa kumtaja mwenzake kwa jina. Wengine hukubali, kura za aliyeshindwa wanazihitaji. Asipokubali, unajua zaidi juu yake kuliko ulivyojua kabla ya mchujo.

Vipeperushi vilivyobaki baada ya mchujo tuvifanyeje?

Kabla ya kuvichana, kipige picha kila kimoja mbele na nyuma, uandike mtaa ulipokiokota. Aliyechafuliwa ana miezi 12 ya kudai haki yake, na mara nyingi hana nakala hata moja, kwa kuwa vyote vilibandikwa usiku na kubanduliwa na wapwa zake alfajiri.